Koma

Asubuhi tatu mfululizo nilikuta ubao umesahihishwa.
Si kufutwa. Umesahihishwa.
Pale nilipoacha sentensi ikikimbia bila pumzi
mtu alikuwa amechomeka koma,
imepinda kama ukucha wa mtoto mchanga,
kwa kile kipande cha chaki ambacho mimi hukitupa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na diploma ya Lviv,
na sikupenda.

Nikabaki jioni, nimejibanza nyuma ya kuni,
nikamwona mfagiaji, Melania Voronchak,
ufagio ameuegemeza kwenye jiko,
anasoma ubao wangu huku midomo ikicheza
kama mtu anayehesabu mayai.

Na mayai alikuwa ameyahesabu kweli.
Yavdokha wa kinuni ndiye aliyeniambia,
kwanza akachungulia dirishani, kisha akashusha sauti:

Huyo alikuwa mwalimu hapa Kalynivtsi kabla hujazaliwa.
Kila Alhamisi tulimletea mayai kumi kumi ndani ya aproni,
yakauzwa mjini kwa majina yetu, si ya waume,
na fedha ya kwanza ikanunua taa,
na chini ya taa tukajifunza kuandika.
Mama yangu alizoea kutia msalaba kwenye kila karatasi,
hata ile iliyomnyang'anya shamba.
Siku alipoandika Yustyna, herufi zote,
hakufurahi. Aliuliza
kama wino ukishakauka, mwanamume anaweza kuufuta.

Wakati wa mavuno tulikuwa tukiwapa watoto maji ya mpopi
walale ukingoni mwa ngano.
Wengine hawakuamka.
Yeye akafungua chumba, akaweka mikeka,
akasimama mlangoni mwa kanisa akasema neno mpopi
kwa sauti, Jumapili, mbele ya wanaume.
Mambo hayo hatukuwa tukiyasema.

Akaja mkaguzi mwenye ukosi wa mbweha.
Akamwambia: Bibi, koma.
Akaweka koma.
Akahamishwa mbali, kijiji kisichojua lugha yetu,
barua zake zikaja na mazoezi ya sarufi ndani.
Polisi wakaingia duka letu la ushirika,
wakamwaga mafuta ya taa juu ya unga.
Tuliula hivyo hivyo. Majira yote ya baridi
mkate ulikuwa na ladha ya taa.

Wakaja wengine, wenye nyota kofiani.
Hawa walisema wao ndio marafiki wa wanawake,
kwa hiyo chama cha wanawake hakihitajiki tena.
Koma, wakasema.
Treni iliondoka Aprili.

Hapo Yavdokha alinyamaza, akakoroga supu isiyohitaji kukorogwa.
Mengine niliyapata kwa vipande:
nyika ya Kazakhstan, miaka kumi na sita,
bweni ambamo alifundisha kwa msumari
juu ya barafu iliyoganda kwenye kioo,
somo likidumu mpaka mtu awashe jiko.
Aliporudi, ofisi ilimpa ufagio.
Shule ile ile. Akashukuru, wanasema,
akauliza tu kama zamu ni ya usiku.

Nilitaka kumtendea jambo.
Ujana una haraka ya kuheshimu.
Nikaandika ubaoni sentensi ndefu kuliko zote,
nikaiacha uchi, bila alama hata moja, makusudi,
na chini yake, kwenye ukingo,
nikamwachia chaki nzima, mpya, nyeupe.

Asubuhi chaki ilikuwa pale pale.
Sentensi ilikuwa pale pale, uchi.
Pembeni, kwa kile kipande nilichotupa juzi:

Kosa la kusudi halina somo ndani yake.
Usinionee huruma. Andika upya.
Alama: mbili.

Koridoni watoto walikuwa wakikung'uta theluji viatuni.
Nikafuta haraka, kwa mkono mtupu,
nikaanza tena, na katikati ya mstari
nikasita kwa dhati, sijui,
hapa ipo au haipo